Vidonge Vitatu vya Kuazima

Kwenye arobaini ya Biti Selemani nilifika mapema, na mkobani nilikuwa na vitu viwili: mchele kilo mbili wa kuchangia pilau, na kibahasha changu cha vidonge. Mchele niliukabidhi jikoni. Kibahasha nilibaki nacho, kwa sababu shughuli za kijijini kwetu Kilangala hazina haraka, na nilijua magharibi itanikuta bado nimekaa mkekani na wenzangu. Wakanikaribisha chumba cha uani, kile ambacho zamani kilikuwa stoo ya korosho. Ukutani bado ipo alama nyeusi ya mafuta ya maganda, imepakwa chokaa mara sijui ngapi na kila mara inajitokeza tena. Wanawake walikuwa wanamtaja marehemu kwa zamu: mkono wake usiojua kubana, sauti yake iliyofika mpaka kisimani, jinsi alivyokataa kufa mpaka mjukuu wake Zuhura alipomaliza chuo cha ualimu. Mimi nilinyamaza, na wanaonijua wanajua kwamba hiyo si desturi yangu. Nilikuwa naitazama ile alama ya ukutani. Chini yake ndipo nilipokaa mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na sita, mke wa Issa wa mwaka wa pili, na moyo uliokuwa ukinitisha kila siku ya Mungu.

Biti Selemani alikuwa jirani yetu, nyumba kwa nyumba, uzio mmoja wa makuti katikati. Alikuwa na kikundi chake cha kubangua korosho. Hakikuwa kiwanda: ua, pipa lililokatwa katikati la kuchomea, magogo mawili na wanawake saba. Tulijipaka majivu mikononi ili mafuta ya ganda yasituunguze, tukapasua kwa vipande vya chuma, kisha tukaingia chumba hiki kumenya ile ngozi nyembamba ya ndani na kuchambua. Nzima huku, vipande kule. Korosho nzima, nyeupe, isiyo na hata ufa, ndiyo iliyokuwa sifa ya mtu, na mimi, nasema bila haya, nilikuwa natoa nzima kuliko wote. Jioni Biti Selemani alipitia ungo wa kila mmoja. Akikuta vipande vingi hakugomba. Aliuliza tu, "Leo umegombana na nani?"

Sikuwa nimegombana na mtu. Asubuhi moja nilikuwa na chuma mkononi, tunacheka jambo ambalo silikumbuki tena, moyo ukaanza kwenda mbio. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, na nikajua kwa hakika kabisa kwamba nakufa pale pale kwenye majivu. Sikufa. Kesho yake nikafa tena, na keshokutwa, na hata siku ambazo kifo hicho hakikunipata niliishi nikikisubiri, roho juu juu, nasikiliza kifua changu tu. Niliacha kwenda kisimani peke yangu. Niliacha kwenda harusini, kwa kuogopa kuanguka mbele za watu. Chakula kilinikwama. Mama aliniletea kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa, kutoka kwa shehe wetu, nikalinywa kwa adabu siku saba, na ule utulivu wa kukaa nikisomewa sijausahau. Lakini siku ya nane nikafa kama kawaida. Mganga wa zahanati akanipima, akasema moyo wangu ni mzima kuliko wa kwake, akaniandikia barua niende hospitali mjini Lindi, kwa watu wa magonjwa ya akili.

Barua ile niliificha chini ya godoro siku mbili, na sababu yake ni hii. Nilikuwa nyuma ya nyumba naosha sufuria nikamsikia wifi yangu Esha, dada wa Issa, anazungumza na kaka yake ndani. Esha naye alikuwa mmoja wa wale wanawake saba, aliyaona yote. "Kaka, mtu anatetemeka mchana kweupe, hana homa, hana chochote," alisema. "Hicho ni kichwa. Arudishwe kwao kabla hajazaa, tusije tukaachiwa mtihani." Nilisubiri jibu la Issa. Nilichosikia ni kijiko kinakoroga chai, kinakoroga, kinakoroga, mpaka nikajua kwamba sukari imeshayeyuka zamani na mwanamume yule anatafuta tu la kusema. Hakulipata. Jioni ya siku ya pili nikamwonyesha barua. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Alhamisi nitakupakia baiskeli hadi barabarani tukasubiri gari." Hilo tu. Nilimchukia kwa kile kijiko na nikampenda kwa ile baiskeli, na miaka ishirini na sita baadaye bado sijaamua vizuri.

Sasa kosa langu, maana kosa lilikuwa langu na silisukumii mtu. Siku za Alhamisi pale kliniki benchi la nje lilikuwa moja kwa watu wa aina mbili. Wa presha waliingia mlango wa kushoto, sisi wa akili tuliingia mlango wa kulia. Issa alikuwa amekwenda kununua maji. Nikaketi, nikasikia mtu ananisogezea nafasi, nageuka, ni Biti Selemani na kadi yake ya presha mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. He! Na wewe? Presha imekupata na udogo huo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sikusema neno, na kwa muda mrefu nilijitetea kwamba asiyesema neno hajadanganya. Akanishika goti, akaniambia nipunguze chumvi. Alipoitwa ndani, nikachomoka mbio kuingia mlango wa kulia. Kabla ya Ijumaa kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Somoe ana presha, maskini, na bado msichana. Esha akanyamaza. Presha ni ugonjwa wa heshima, mashangazi wote wanao. Nikaona nimepata mahali pa kujificha, nikajificha.

Nyuma ya mlango ule alikuwepo Sista Akwilina, muuguzi, mwanamke wa milimani huko ndani Kilwa, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa meza. Aliniuliza naogopa nini. Nikasema sijui. "Vizuri," akasema, "wengi wanakuja hapa na jina la jirani aliyewaroga. Wewe umekuja na ukweli." Akanieleza kwamba nilichonacho ni ugonjwa, una jina, na siyo mwanzo wa kichaa. Akaeleza pia jambo ambalo sikulipenda: kwamba dawa zipo, daktari ataniandikia, lakini ya kwanza huenda isinifae, na itabidi tujaribu. Mimi nilikuwa nimezoea dawa za malaria. Unameza, unatapika, unapona.

Za kwanza zilikuwa za kutuliza, za siku chache. Zilinituliza hasa. Nililala nikimenya korosho, kichwa kikaingia kwenye ungo, wenzangu wakacheka mpaka wakalia. Sista akasema hizo si za kukaa nazo, akaziondoa. Za pili zilinigeuza kuku aliyeona kicheche: sikuweza kukaa kitako, tumbo likachafuka, mikono ikatetemeka. Nikapasua vipande. Ungo mzima, vipande. Jioni Biti Selemani akaufikia ungo wangu, akachukua kipande kimoja, akakiangalia, akakirudisha. Hakuuliza nimegombana na nani, na kule kutouliza kuliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Siku hiyo nilimwambia Issa kwamba nimechoka, kwamba bora kufa kwa moyo kuliko kuishi kwa mikono ya mlevi. Akaniambia tungoje Alhamisi. Alhamisi Sista Akwilina akaandika kwenye daftari lake, akaenda kwa daktari, akarudi na kibahasha cha tatu. "Hii itakukausha mdomo," akasema. "Itakunenepesha. Choo kitakuwa kigumu, kula mapapai. Asubuhi utaamka mzito. Vumilia wiki nne ndipo uje kunitukana."

Nilimtukana kimoyomoyo kuanzia wiki ya kwanza. Ulimi uligandamana na mdomo hata kuitikia salamu ilikuwa kazi. Nilijifunza kufunga ukwaju kwenye pindo la khanga, nikawa namung'unya kidogo kidogo mchana kutwa ili mate yaje. Wenzangu wakafikiri nina mimba. Magauni yalibana. Nilikula mapapai mpaka Issa akaniuliza kama naupania mti au matunda. Lakini wiki ya tano, hapa hapa chini ya alama hii nyeusi, Biti Selemani alitupikia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Tulikuwa tunakula kwenye sinia moja, mama mmoja anasimulia jinsi mkwewe alivyotumbukia kwenye pipa la togwa, na mimi ninacheka, ninamega, ninachovya. Sinia likaisha. Ndipo nikagundua kwamba tangu tulipoanza kula nilikuwa namsikiliza yule mama. Nilikuwa sijausikiliza moyo wangu hata mara moja. Niliuweka mkono kifuani kuhakikisha kama bado upo. Upo, unakwenda zake polepole, wala haunihitaji. Nililia, nikasingizia pilipili.

Kwa hiyo mwisho wa masika nilikuwa mtu mwenye mali. Mali yangu ilikuwa kibahasha cha nailoni juu ya kabati la vyombo, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu "moja mara moja kwa siku", basi, bila jina la dawa. Mvua ile ilikata barabara. Magari yakaacha kupita, na Alhamisi mbili zikapita hakuna aliyekwenda kliniki. Mimi nilikuwa na akiba, kwani Sista alinipa ya miezi miwili. Biti Selemani hakuwa nayo. Asubuhi moja akaja kwangu na sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, imefunikwa kwa kawa, moshi unatoka. Uso ulikuwa umevimba kidogo. Akakaa kwenye kibao, akapumua.

"Kichwa kinanigonga tangu juzi," akasema. "Dawa zimeniishia. Niazime tatu tu, mwanangu. Gari zikianza kupita nitakurudishia."

Kwetu dawa iliazimwa kama chumvi. Nani hakuazima? Mtu akiponeshwa na kidonge, nusu anampa jirani mwenye ugonjwa ule ule, na hilo tuliliita wema. Naye alikiona kibahasha pale juu, alikuwa anakitazama. Nikisema vimekwisha, mimi ni mchoyo, nimemnyima mwanamke anayenilisha. Nikisema kweli, mimi ni wa kichwa, nimewadanganya wote, na Esha atapata mdomo wa kunirudishia kwetu. Niliipima ile mizani kwa muda mfupi mno. Mkono ukapanda wenyewe kabatini. Nikamhesabia vitatu kiganjani. Akanishukuru, akaniombea dua, akaenda zake. Naandika haya bila kujipamba: nilimpa.

Niliketi nikiitazama ming'oko. Sista Akwilina alikuwa amenionya siku aliponipa kwamba dawa hii asiimeze mtu mwingine, na hasa mzee mwenye presha au ugonjwa wa moyo. Nilikuwa nimeitikia kwa kichwa. Nilikuwa hodari wa kuitikia kwa kichwa mwaka ule. Kisha moyo ukaanza, mbio zile zile, kifua kile kile, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nikauelewa. Safari hii ulikuwa na haki. Nikasimama. Sikupita mlangoni wala njiani, nilipita katikati ya uzio, makuti yakanichana mkono, kovu ninalo.

Walikuwa humu chumbani wote, wanakunywa uji kabla ya kuanza kazi. Biti Selemani alikuwa na kata ya maji mkono huu na vidonge kiganjani mkono huu.

"Mama, usimeze!"

Akasimamisha kata hewani. "Kuna nini?"

"Si ya presha. Mimi sina presha."

Esha alikuwa ameketi karibu na mlango. Nilimwona anageuza shingo.

"Una nini basi?" akauliza Biti Selemani.

"Nina ugonjwa wa hofu. Ninatibiwa mlango wa kulia. Hiyo ni dawa ya akili, mama, ukiimeza wewe inaweza kukuua. Nilikudanganya pale benchini, na asubuhi hii nimekupa kwa kuogopa aibu."

Mdomo wangu ulikuwa mkavu kama jivu, na sikuwa nimechukua ukwaju. Biti Selemani akavitazama vile vidonge, akavigeuza kwa kidole jinsi alivyokuwa anageuza korosho kutafuta ufa.

"Na hivi," akasema, "vinakufaa?"

"Vinanifaa."

"Basi shika, usije ukapungukiwa." Akaniwekea kiganjani vyote vitatu, akakikunja kiganja changu. Kisha bila kumtazama, "Esha, sogea huko, mwenzio akae apate uji."

Esha akasogea. Si mara moja, lakini akasogea. Issa nilimkuta shambani, nikamweleza, naye akachukua baiskeli kwenye tope lile, akaibeba begani zaidi kuliko kuipanda, mpaka zahanati ya kijiji cha pili, akarudi alasiri na dawa halisi za presha za wiki moja. Alirudi na tope mpaka kwenye nyusi. Sikumkumbusha kijiko tena, au niseme, nilimkumbusha mara chache zaidi.

Kikao cha ukoo kiliitishwa hata hivyo, Jumapili ile, barazani kwetu. Mimi niliwekwa ndani, kama inavyotakiwa, nikawa nasikiliza kwenye pazia. Wazee walisema kwa ustaarabu, kila mmoja akimtakia Issa mke mzima. Biti Selemani hakualikwa. Alikuja na kibao chake cha kukalia, akakiweka katikati. "Mnasema hana akili," nilimsikia. "Ninyi nyote mnanipa nusu za vidonge vyenu na mimi nameza, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia ni vya nini. Huyu ameniambia, na alijua kitakachompata. Sasa mnionyeshe mwenye akili zaidi yake nimjue." Ndipo akasema Issa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia barazani: "Mke wangu anameza dawa. Mimi ndiye ninayempeleka, na Alhamisi nitampeleka tena." Nilikuwa nimeshika pazia kwa mikono miwili. Kama nimewahi kuolewa, niliolewa siku ile.

Tangu hapo Biti Selemani alijipa kazi. Kila siku baada ya magharibi, kupitia lile tundu langu la uzio ambalo hakuruhusu lizibwe, alipaza sauti yake ya kufika kisimani: "Somoe! Umemeza?" Nami nikajibu kwa sauti hiyo hiyo, "Nimemeza, mama!" Mwanzoni nilitamani ardhi inimeze mimi. Baada ya mwezi nilikuwa nangojea. Baada ya mwaka watoto wa mtaa walikuwa wanajua saa ya kurudi nyumbani kwa wito ule. Dawa imebadilishwa mara mbili tangu wakati huo, dozi imepanda na kushuka, kila mimba ilipangiwa upya, na zipo siku ambazo hofu inarudi kunijulia hali. Mdomo bado unakauka. Mwili huu mnaouona ni wangu na ni wa kidonge, nusu kwa nusu. Nimelea watoto wawili kwa mwili huu. Nimesimama kwenye harusi zao mbele za watu na sikuanguka. Kikundi cha korosho alipochoka nilikirithi mimi, na nzima bado natoa kuliko wote.

Basi siku ya arobaini magharibi ikaingia. Wakaswali, sinia zikaanza kuletwa, na mimi nikabaki na sikio juu, najikuta nikisubiri ile sauti upande wa uzio. Ujinga wa mazoea. Siku arobaini nilikuwa nameza mwenyewe kimya kimya, na hata hilo lilikuwa linaniuma, kwamba kimya kimenirudia kupitia mlango wa msiba. Nikafungua mkoba, nikatoa kibahasha, nikasema kwa sauti iliyojaa chumba, "Jamani, naomba maji ya kumezea. Ni wakati wa dawa yangu ya hofu." Wa rika langu wakacheka kwa upendo, wengine wakafuta macho, mmoja akasema, "Leo nani atakuuliza, Somoe?" Wasichana wakatazamana.

Aliyeleta maji ni Zuhura, mjukuu, mwalimu. Alipiga magoti, akanikabidhi bilauri, akasubiri nimeze. Nikameza. Alitakiwa achukue bilauri aondoke, lakini hakuondoka. Alikuwa amekondeana tangu aanze kazi huko wilayani, na nyumbani walikuwa wanasema ni presha, maskini, na udogo wote ule. Akainama kama anaokota kitu mkekani, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mama mdogo, mdomo ukikauka unafanyaje?"

Nilifungua pindo la khanga, nikampa ukwaju.